Pampasi za watu wazima: hesabu masaa makavu, sio bei ya pakiti

Mtu akianza kumuuguza mzazi asiyeweza tena kuzuia mkojo, au yeye mwenyewe akianza kuvuja, swali la kwanza huwa ni pampasi gani ya bei chee. Swali linaeleweka kabisa, maana hii sio hela ya kutoa mara moja ukasahau, ni kila siku, mchana na usiku, na kwa wengine ni miaka. Ila kwa mtazamo wangu swali hilohilo ndo linalowamaliza watu. Bei ya pakiti haikwambii utatumia ngapi kwa siku, na mtu anayetumia vipande sita vya bei ya chini huku anafua mashuka kila asubuhi anaweza kuwa anatoa hela nyingi kuliko mwenzake anayetumia vitatu vya bei ya juu na shuka lake limebaki kavu. Cha kuhesabu ni saa. Hii hela niliyotoa imeninunulia masaa mangapi makavu?

Tuichukue kwa namba kidogo. Tuseme kipande cha bei rahisi ni 10 na kizuri ni 18. Ukivitazama hivyo, cha 18 kinaonekana wizi. Sasa cha 10 kinakaa masaa matatu ndo kinaanza kuvuja na cha 18 kinakaa masaa sita, kwa hiyo kwa masaa 24 unahitaji nane vya kwanza ambavyo ni 80, na vinne vya pili ambavyo ni 72, na hapo bado hujaweka sabuni, maji, krimu ya ngozi, godoro linaloharibika na usingizi wa anayeuguza ambaye anaamka usiku kubadilisha. Lakini naomba nisieleweke kwamba cha ghali ndo bora siku zote, hapana, kwa mtu anayevuja matone mawili matatu akikohoa hicho cha 18 ni kutupa hela, kwa sababu atakivua hajakijaza hata robo. Namba hizo ni za mfano tu, weka zako. Na huwezi kuziweka kama hujui hicho kitu kinafanya kazi vipi.

Ukiipasua pampasi utakuta safu kama nne hivi. Juu kuna kitambaa laini kinachopitisha mkojo ushuke haraka, chini yake kuna safu ya kuusambaza usijikusanye sehemu moja, halafu kiini chenyewe, na nje kabisa kuna ngozi ya plastiki inayozuia usitoke. Kiini ni nyuzi za selulosi zilizochanganywa na punje ndogo nyeupe za polima inaitwa sodiamu poliakrileti. Nyuzi zinanyonya haraka lakini ukizikalia zinaurudisha mkojo juu, polima inanyonya taratibu kidogo ila ikishavimba na kuwa jeli inaushika hata mtu akilalia. Kwa hiyo pampasi yenye nyuzi nyingi na polima kidogo inaonekana nene, inajaza mkono, muuzaji anakubonyezea uone ilivyojaa, na bado inaweza kuzidiwa na nyembamba yenye polima ya kutosha. Unene sio kipimo. Polima za aina hii zilianza kufanyiwa kazi Marekani miaka ya 1960 na watu wa kilimo waliokuwa wanatafuta namna ya kushikilia maji kwenye udongo, kwenye nepi zikaja kuenea miaka ya 1980, na ndo maana nepi za zamani zilikuwa matofali.

Sasa zile video za kumimina maji ya rangi kwenye pampasi, glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu mtu anaipangusa na tishu inatoka kavu. Msizipe uzito sana. Polima hiyo ikipata maji yasiyo na chumvi inaweza kunywa mamia ya mara ya uzito wake, ila mkojo una chumvi na mbele ya chumvi uwezo unashuka sana, unabaki kwenye makumi ya mara. Pia kwenye video hakuna mtu aliyeikalia, hakuna mapaja yanayosogea, na maji yanamiminwa taratibu katikati. Mtu halisi anaweza kuachia kibofu kizima kwa mara moja akiwa amelala ubavu.

Na zile mililita zilizoandikwa kwenye pakiti? Kampuni nyingi hutumia kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 11948-1, cha mwaka 1996, ambapo bidhaa nzima inazamishwa kwenye maji ya chumvi, inaachwa ichuruzike, inapimwa uzito. Kile inachobeba baada ya hapo ndo namba unayoisoma. Ona shida yake: imezamishwa NZIMA, mbele nyuma pembeni, wakati mkojo wa mtu unaingia sehemu moja tu na mwili unaikandamiza. Kwa hiyo pampasi huanza kuvuja mbali kabisa kabla ya kufikia hizo mililita. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 300 hadi 500, na kwa masaa 24 mtu hutoa kati ya 800 na 2000 hivi, kwa hiyo usisome 1500 kwenye pakiti ukadhani umepata ya kutwa nzima. Namba hiyo inafaa kulinganisha bidhaa mbili zinazofanana umbo, basi, nje ya hapo ni mapambo.

Kumbe njia ya kujua ni kupima mwenyewe, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta mizani ndogo ya jikoni. Pima pampasi kavu, andika. Ikivuliwa ifunge kwenye mfuko, pima tena, toa uzito wa kwanza, na kwa kuwa gramu moja ya mkojo ni karibu sawa na mililita moja umeshapata jibu bila daktari. Fanya hivyo siku tatu mfululizo, andika na saa, andika na alichokunywa, na kama kuna iliyovuja weka alama. Siku tatu zikiisha utakuwa unajua mambo ambayo hakuna muuzaji anayeweza kukwambia: mchana anatoa kiasi gani, usiku kiasi gani, na saa ngapi ndo inapofurika. Wazee wengi utakuta mkojo wa usiku ni mwingi, unaweza hata kuuzidi wa mchana, hasa wenye miguu inayovimba, maana yale maji yaliyojikusanya miguuni mchana kutwa akilala yanarudi kwenye damu na figo zinayatoa. Mlezi asiyejua hilo anamwona mzee mkaidi.

Iliyovuja nayo usiitupe kabla hujaiangalia. Kama imelowa yote, mbele mpaka nyuma, uwezo wake umeisha, ama umechelewa kubadilisha ama unahitaji kubwa zaidi ya hiyo. Kama nusu yake iko kavu kabisa na bado shuka limelowa, tatizo sio uwezo, ni ilivyokaa au saizi. Na hapa ndo hela nyingi inapotea, kwa sababu mtu akiona imevuja anakimbilia kununua saizi kubwa zaidi, kumbe saizi ni ya kiuno na nyonga, pima vyote viwili ufuate kile kipana, wala sio kipimo cha mkojo. Kubwa kuliko mtu inaacha upenyo mapajani na mkojo unapita hapo hata kama kiini hakijaanza kazi. Zile kingo za mpira za ndani zinatakiwa zisimame, ukiivalisha pitisha kidole kwenye mkunjo wa paja uhakikishe hazijalala. Mwanaume uume uelekezwe chini, ukiachwa unaangalia juu utavujia kiunoni na mtalaumu pampasi bure.

Baada ya hapo ndo uje kwenye aina, na msimamo wangu ni kwamba kutumia aina moja masaa yote 24 ni uvivu unaogharimu. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2008, ukiongozwa na mtafiti Mandy Fader, walilinganisha miundo tofauti ya bidhaa hizi kwa watu wanaoishi na hali hii na wakakuta hakuna muundo mmoja uliomfaa kila mtu, wanaume na wanawake walitofautiana, mchana na usiku vilitofautiana, na kuchanganya kunaweza kuwa nafuu na pia kumridhisha mtumiaji zaidi. Hilo la mwisho watu hawalifanyii kazi. Mama anayetembea mwenyewe na kwenda chooni anaweza kukaa mchana kwa pedi ya mkojo ndani ya chupi inayobana, usiku ndo avae pampasi ya kubandika pembeni. Zile za kuvuta juu kama chupi ni nzuri sana kwa anayejivulia mwenyewe, zinamwacha na heshima yake, ila kipande kwa kipande ndo huwa ghali na kwa mtu wa kitandani ni adhabu, mpaka umvue suruali yote ndo uibadilishe. Kuna pedi kubwa zisizo na mikanda zinazoshikwa na chupi ya wavu, chupi inafuliwa pedi inatupwa, wengi hawazijui na kwa mtu wa kiwango cha kati mara nyingi ndo nafuu.

Pedi za hedhi je? Kwa matone machache zitasaidia, sikatai, na zinapatikana kila kona. Ila zimetengenezwa kwa damu ambayo ni nzito na inakuja polepole, mkojo ni mwepesi na unakuja kwa kasi, kwa hiyo unapita pembeni kabla haujanyonywa na harufu nayo inabaki.

Za kufua zina watetezi wakali na wapinzani wakali na wote wana ukweli nusu. Kwa anayevuja kidogo, chupi zenye pedi iliyoshonewa ndani zinalipa haraka sana, unanunua chache unazungusha. Na shuka la kunyonya la kutandika kitandani, juu ya mpira au makintoshi, naona kila nyumba yenye mgonjwa iwe nalo. Lakini kwa mtu anayetoa kibofu kizima, au haja kubwa inahusika, taulo lililokunjwa linabaki limelowa dhidi ya ngozi kwa sababu halina ile polima ya kufunga, kwa hiyo litabadilishwa mara nyingi, na kila mara ni maji, sabuni, kamba, jua, na mikono ya mtu. Mikono hiyo kwa kawaida ni ya mwanamke fulani wa nyumba hiyo ambaye muda wake hakuna anayeuweka kwenye hesabu. Ukiuweka, “bure” inabadilika. Anayeamua kufua basi asitie dawa ya kulainisha nguo, inafunika nyuzi za kitambaa zisinyonye, na lebo ikiruhusu afue kwa maji ya moto ya nyuzijoto 60.

Halafu kuna kubana matumizi kunakokula hela. La kwanza ni kuvalisha mbili kwa pamoja. Ile ya ndani ina plastiki nyuma, mkojo ukiijaza hauwezi kupita kwenda ya pili, unamwagika pembeni na umetumia mbili kupata kazi ya moja. Ukitaka kuongeza nguvu ya usiku tafuta pedi za nyongeza ambazo hazina plastiki nyuma, zikijaa zinapitisha kwenda chini, na mara nyingi ni nafuu kuliko kupanda daraja la pampasi. Wapo wanaochana plastiki ya pedi ya kawaida ili ipitishe, inafanya kazi kiasi, ila ukichana ovyo jeli inamwagika mwilini. La pili ni kuianika ikauke itumike tena, jamani hapana, ile chumvi na bakteria vimebaki humo na polima haitarudi kunywa kama mwanzo.

La tatu, na hili linaniudhi zaidi, ni kumnyima mtu maji ili asikojoe. Mkojo unakuwa mzito na mkali, unakichokoza kibofu ndo anakwenda mara nyingi zaidi, choo kinakuwa kigumu nacho kinakandamiza kibofu, maambukizi yanakaribishwa, na mzee akikaukiwa anaweza kuchanganyikiwa au kuanguka. Cha kufanya ni kuhamisha ratiba: anywe vya kutosha asubuhi na mchana, jioni apunguze, na kahawa na chai kali ziangaliwe maana kafeini inawachochea baadhi ya watu.

La nne ni kuiacha imekaa mpaka “ishibe” vizuri ili hela isipotee. Pampasi nzuri ya mkojo inavumilia masaa kadhaa, sawa, ule mstari wa nje unaobadilika rangi upo kwa ajili hiyo. Ila ngozi ina tindikali yake kidogo inayoilinda, bakteria wanaivunja yurea ya mkojo inatoka amonia, amonia inaiondoa ile tindikali, ngozi inalainika, inasuguliwa, inachubuka. Haja kubwa ikichanganyika na mkojo ni mbaya mara dufu kwa sababu vimeng'enya vya choo vinapata nguvu kwenye mazingira hayo. Kwa hiyo haja kubwa haina hesabu ya masaa, ikitokea badilisha hapohapo hata kama pampasi umeivalisha dakika tano zilizopita. Hasara ya kipande kimoja haifiki hata karibu na gharama ya kidonda kwa mtu asiyegeuka kitandani.

Kwenye usafi pia kuna hela inayomwagika. Sabuni kali ya kipande kila mabadiliko inakausha ngozi, maji ya uvuguvugu na sabuni laini vinatosha, na ukaushe kwa kugusagusa usisugue. Krimu ya zinki au vaselini ipakwe safu nyembamba sana, kwa sababu ikiwa nene inahamia kwenye kile kitambaa cha juu cha pampasi, inaziba matundu, mkojo haushuki, na wewe unabaki unasema siku hizi wanatengeneza feki. Poda achaneni nayo, inaganda kwenye mikunjo.

Haya yote yanachukulia kwamba kuvuja kwenyewe hakuna dawa, na kwa watu wengi hiyo si kweli. Pampasi ya bei nafuu kuliko zote ni ile usiyoihitaji. Anayevuja akikohoa, akicheka au akiinua mzigo, mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo, yanasaidia wengi, ndo yale ya Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandika 1948, na miongozo ya Uingereza inataka angalau mibano 8 mara 3 kwa siku kwa miezi 3 kabla hujasema yameshindwa, wengi wanaacha wiki ya pili. Anayebanwa ghafla asifike chooni anaweza kufundisha kibofu kwa kusogeza muda kidogokidogo, hiyo inataka wiki 6 na kuendelea, na dawa zipo. Kisukari kisichodhibitiwa kinajaza mkojo. Choo kigumu kikitibiwa, kuna wanaopona kabisa. Vidonge vya kupunguza maji mwilini vikinywewa jioni usiku unaharibika, muulize daktari kama saa ibadilishwe. Na kwa mtu anayejitambua ila miguu ndo mizito, chupa ya mkojo au kiti cha choo pembeni ya kitanda kinaondoa pampasi kadhaa kila siku, kwa mwanaume kuna na mpira wa kuvalishwa nje kama kondomu unaopeleka mkojo kwenye mfuko. Kumpeleka chooni akiamka na baada ya kula, bila kusubiri aombe, hakuna hata senti inayotoka.

Wapo wasiotakiwa kuanzia dukani kabisa. Mwanaume anayechuruzika muda wote huku tumbo la chini limejaa na mkojo hautoki ukisukumwa, kibofu kinaweza kuwa kinafurika kwa sababu njia imezibwa, mara nyingi tezi dume, na ukimvalisha pampasi ukanyamaza figo zinaharibika kimyakimya. Mwanamke anayevuja mchana na usiku bila kukata baada ya uzazi mgumu achunguzwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hiyo inashonwa hospitali. Mwenye damu kwenye mkojo, au homa na maumivu, naye aanzie hospitali, na kushindwa kujizuia ghafla pamoja na ganzi ya mapaja na mgongo unaouma, hilo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Katoni ndo iwe ya mwisho. Bei ya jumla inashawishi na kwa hesabu inaokoa kweli, ila nunua kwanza kipande kimoja kimoja au pakiti ndogo ya kila unayoifikiria, ipime kwa mizani usiku mmoja au miwili, halafu ndo ujaze stoo. Na usijaze ya mwaka. Mtu anakonda saizi inabadilika, dawa inabadilishwa, mazoezi yanaanza kushika, kwa hiyo rudia ule upimaji wa siku tatu kila miezi michache. Ukinunua nyingi zikae mahali pakavu na pakiti iliyofunguliwa ifungwe vizuri, maana ile polima inavuta hata unyevu wa hewani.